Sika ya ami

Asubuhi mwanangu kasikia udi kwenye simu yangu, akauliza: "Anayepiga ni babu au ni kompyuta?" Nikabaki na kikombe mkononi.

Ni kazi ya ule usiku wa Mji wa Kale, tulipotaka kumsikia ami akipiga tena, kutoka kwenye kaseti ya arusi. Tulisafisha kichwa cha deki kwa spiriti, tukainakili. Kaseti ilikwenda mbio. Tulilijua kwa mvumo wa umeme ulionaswa chini ya muziki. Umeme wetu ni hezi 50, mvumo ukasoma 51.5. Asilimia 3 hiyo, karibu robo toni. Tukaipunguza. Kisha tukataka kompyuta isome noti za ami na kuzipiga upya.

Piano ina nafuu: ukijua kitufe, wakati, nguvu na pedali, umemaliza. Ndivyo rekodi ya Glenn Gould ya 1955 ilivyopigwa upya mwaka 2006 kwa piano ya Yamaha isiyo na mtu kitini. Udi shingo yake ni tupu, kidole hutua kinapotaka. Programu yetu ikaivuta kila noti hadi semitoni ya karibu, na Rasti ya ami, maqamu ya Kiarabu, ikatoka na noti ya tatu ya piano badala ya sika, noti ya tatu ya Rasti iliyo kati ya vitufe viwili.

Shangazi alikuwa kitandani na tasbihi yake. "Hapo sipo," akasema, macho hakuyainua. Akaiimba sika mwenyewe, akaishikilia hadi pumzi ikamwishia.

Kwenye kaseti, pale pale, vigelegele vimeufunika udi. Hakuna cha kupima. Ikabaki koo la shangazi. Amri ya kupinda sauti katika midi, lugha ya kuiambia kompyuta noti za kupiga, ina hatua 8,192 za kushuka, nasi tuliipanga zote ziwe toni moja. Kwa hiyo robo toni ni 2,048. Nikashusha 2,048.

"Umezidisha."

1,800. Kimya. 1,640, na tasbihi ikasimama vidoleni. Kisha muziki ukageuka kurudi chini, akanishika mkono: "Ikirudi hulegea, mwanangu." Tukarudia kipande hicho kidogo hadi karibu na adhana ya alfajiri, tukaandika namba mbili: 1,640 kupanda, 1,900 kurudi. Nguvu za risha, kile kipigio cha nyuzi, tulizitoa kwenye kaseti, hizo zilisikika wazi.

Shangazi naye ametutoka.

"Risha ni ya babu yako," nikamjibu mwanangu. Habari ya sika sikumwambia.