Mfalme Aliyepona Akaenda Polepole

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la juma hili ni Isaya 38.

Hezekia aliugua jipu, na jipu lile lilikuwa linamuua. Akageukia ukutani akalia, Bwana akamwongezea miaka 15, Isaya akaagiza mkate wa tini ubandikwe penye jipu. Mahubiri yetu mengi huishia hapo. Lakini kuanzia mstari wa 9 lipo andiko la mfalme mwenyewe, aliloandika baada ya kupona. Anakumbuka usiku ule, mifupa yake ikivunjwa kama na simba, akiomboleza kama hua. Na katika mstari wa 15, mtu huyu aliyekwisha kuponywa anasema atakwenda polepole miaka yake yote, kwa sababu ya uchungu wa nafsi yake.

Mstari huo nimeurudia mara nyingi tangu kaka yangu atoke hospitali.

Alilazwa siku 16 kwa nimonia kali, nyingi kati ya hizo akiwa kwenye oksijeni. Wagonjwa wawili wa vitanda vya jirani walifunikwa shuka yeye akitazama. Homa ilipopanda akachanganyikiwa, akaamini wauguzi wanamfunga ili wamzike hai. Alirudi Uyole mwezi wa saba, baridi ikiuma, tukachinja kuku, tukaimba. Kila asubuhi majirani wakimsalimu "Ugonile!" aliitikia vizuri, kama adabu inavyotaka. Salamu hiyo ya Kinyakyusa huuliza kama umelala, naye hakuwa amelala. Malori ya Tunduma yakirudi nyuma, mlio wao unafanana na wa mashine ya wodini. Anakurupuka ameshika kifua. Siku ya kurudi kliniki alifika getini, akanusa dawa ya kusafishia sakafu, akapanda bajaji akarudi nyumbani.

Na sisi? Jumapili ya pili tulimwita mbele atoe ushuhuda. Alishika kipaza sauti, akatetemeka, akakaa. Wengine wakaanza kukemea roho ya hofu. Mimi nami nilimwambia nyumbani, "Kaka, mshukuru Mungu, wenzako wamekufa." Neno hilo nimelitubu, maana hao waliokufa ndio anaowaona usiku.

Wapendwa, hali hii ina jina: msongo wa baada ya kiwewe. Tumezoea kusikia ni ya askari waliotoka vitani, au ya walionusurika ajali kwenye mteremko wa Mbalizi. Ugonjwa wa kuambukiza uliomfikisha mtu mlangoni pa kaburi nao huileta. Mwaka 2020 huko Roma, Italia, walipimwa watu 381 waliokuwa wameugua UVIKO-19, wengi wao wakiwa walilazwa. 115 walikutwa nayo, kama watatu katika kila kumi. Hawakuwa watu wa imani haba. Kukosa pumzi, kutengwa na ndugu, kuona wenzako wakifa, na kuchanganyikiwa kwa homa, hayo yote huacha alama hata mapafu yakishapona. Ndoto za kutisha, kushtuka ovyo, kukwepa kila kinachokumbusha wodi: vikizidi mwezi mmoja, mgonjwa apelekwe kwa wahudumu wa afya ya akili. Tiba kubwa ni mazungumzo na mtaalamu, kwa mwendo anaoumudu mgonjwa. Wengine huongezewa dawa. Aliyeleta neno la Bwana kwa Hezekia ndiye huyo huyo aliyeagiza tini.

Kaka alinisaidia kuona jambo jingine. Usiku mmoja aliniuliza, "Walinifunga kwa nini?" Nikamweleza: walikuwa wanakufunga mkono usichomoe dripu, nami nilikuwa nimekushika mguu muda wote. Akanyamaza. Akauliza tena, na tena, mara tatu, kama anayehesabu fedha. Tangu hapo huwa ananiuliza siku moja moja kati ya zile alizozipoteza, nami namweleza hiyo moja tu.

Jumapili mkimwona ameketi benchi la nyuma karibu na mlango, msimwite mbele. Msalimieni tu.

Jumanne tumekwenda naye kliniki. Tulikaa kwanza ng'ambo ya barabara, kwa mama ntilie, tukanywa chai karibu nusu saa bila kusema neno. Kisha akasimama mwenyewe, akanishika mkono kama tulivyokuwa watoto, tukavuka.