Hesabu za Jumapili na fagio la Hawe

Umeme umepotea tangu magharibi, nimekaa barazani naandika kwa simu na chaji ni asilimia kumi na kitu, kwa hiyo mkiona nimekatikia njiani mjue ndo hivo.

Malindi mwezi wa sita mwaijua. Hoteli nyingi zimefungwa, Wataliano wamerudi kwao, bahari imekuwa rangi ya chai ya maziwa kwa lile tope la mto Sabaki, na sisi wa mahotelini tuko nyumbani twangoja kupigiwa simu. Hoteli zikifunga na kapu la sadaka nalo lawa jepesi. Mimi humsaidia mweka hazina kuhesabu, na Jumapili hii tumepata 3,840, nyingi ni sarafu na noti za hamsini zilizolowa jasho mpaka waziachanisha moja moja kama majani ya kitabu kilichonyeshewa. Mweka hazina akavua miwani akaifuta, akaivaa, akahesabu tena. Zikawa 3,840 zilezile.

Halafu kukawa na mnada wa vile vitu watu walivoleta madhabahuni badala ya pesa. Kuku mmoja, trei ya mayai, mkungu wa ndizi, na nazi nne za Hawe. (Hawe ndo nyanya kwa Kigiriama, kanisa zima twamwita hivo hata wale wazee wa rika lake.) Nazi moja sokoni waijua bei yake, lakini pale ilinunuliwa mia tatu na baba mmoja wa duka la vipuri, akairudisha iuzwe tena, ikanunuliwa mia mbili, ikarudi tena, watu wanacheka, na Hawe mwenyewe amejifunika mdomo na leso kwa haya. Zile nazi nne zilileta karibu nusu ya kapu zima.

Mhubiri alikuwa ametufundisha yule mjane wa senti mbili, Marko 12. Na hapa niseme kitu changu, mnisamehe, huwa sipendi vile hilo neno linatumiwa kuwakamua maskini. Someni mstari wa 40, palepale juu kidogo, Yesu anawasema wale wakubwa wa dini wanaokula nyumba za wajane. Mjane ametoa vyote alivyo navyo, sawa, lakini waliomfikisha kwenye senti mbili ni nani? Hiyo sehemu sijawahi kuisikia ikihubiriwa wiki ya changizo.

Sasa mimi na changu. Mwezi wa pili kwenye changizo la mabati nilisimama mbele za watu nikaahidi 5,000, nikapigiwa makofi, jina langu likaandikwa na kalamu nyekundu. Mpaka Jumapili nilikuwa nimelipa 1,500. Na daftari ninalolishika ni mimi, kwa hiyo kila Jumapili naliona lile deni na kila Jumapili nafungua ukurasa mwingine haraka haraka.

Jumamosi nilienda kanisani kuchukua turubai nikamkuta Hawe anafagia. Madirisha yetu hayana vioo, kusi ikivuma mchanga wa pwani waingia mpaka chini ya mimbari. Nikamwambia Hawe shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua mgongo. Nikachukua lile fagio la chelewa nimsaidie, dakika tano akanisimamisha, "mwanangu, wewe wafagia ama wafukuza kuku?" Nikamuuliza amefagia hapa miaka mingapi. Akashangaa swali lenyewe. Akaniambia, "si mchanga waingia kila wiki?"

Wageni wakiwepo huwa nawapeleka kile kikanisa cha Wareno karibu na bahari, kidogoo, cha makuti, makaburi nje. Nawaambia Francis Xavier, yule mmishenari, alipita Malindi 1542 akielekea Goa kule India, na mtu mmoja wa safari yao akafa akazikwa hapa. Nimelisema hilo mara ngapi sijui, mpaka najua watalii watapiga picha wakati gani. Jumamosi nikirudi na turubai begani ndo nikajiuliza kwa mara ya kwanza, lile kaburi alilichimba nani? Jua lile, ardhi ya matumbawe, mtu akashika jembe. Hayuko kwenye daftari lolote. Hata la kwetu halina safu ya kuandika aliyefagia.

Jana usiku nikatuma 500 kwa ile namba ya kanisa. Bado 3,000, na msimu haujafunguka. Leo asubuhi nikapita sokoni nikanunua fagio jipya nikampelekea Hawe nyumbani. Akaligeuza, akalipima kwa mkono, akakaa chini akalifungua lote, akaanza kulifunga upya kwa kamba yake mwenyewe, anasema hawa wauzaji wa siku hizi wafunga kizembe, wiki mbili tu lishamwagika.