Honi ya treni ndani ya wimbo wa Roxette

Shangazi wa bibi harusi alinifuata hadi kwenye mashine. Kilemba chake kilikuwa na rangi ya zabibu iliyoiva, jasho linamtiririka, na simu amenishikia usoni kama trafiki anayekuonyesha kosa lako.

"Mwanangu, bibi harusi akiingia upige huu."

Nikatazama kioo. It Must Have Been Love, wa Roxette, kile kikundi cha watu wawili wa Uswidi.

"Shikamoo shangazi. Huu ni wimbo wa watu walioachana."

"Marahaba. Umejuaje?"

"Maneno yenyewe, shangazi. Anasema yalikuwa mapenzi, ila ndiyo yameshakwisha."

Akanitazama kwa huruma. "Baba, nani humu ndani atasikiliza maneno? Sauti imetulia. Wewe piga."

Nikapiga. Huu mwaka wa 15 nakodisha muziki hapa Dodoma, na ninajua kwamba anayenilipa ni kamati, na shangazi ndiye kamati. Bibi harusi akaingia taratibu na matroni wake, watu wanapunga leso, huku yule dada wa Kizungu analia kwamba mambo yameharibika. Ukumbi mzima wa Nkuhungu ulipendeza, sina la kusema. Ila niliporudi nyumbani saa nane usiku sikulala. Nilikaa nikiwawaza hao Roxette, maana mimi na wao tunajuana tangu kwenye kibanda cha mjomba.

Mwaka 1990 nilikuwa na miaka 14, nakaa kwa mjomba wangu aliyekuwa akirekodi kaseti upande wa stesheni. Vijana wa leo hawaijui hiyo kazi. Mteja anakuja na karatasi ya daftari aliyoandika nyimbo zake 12, anachagua kanda tupu, TDK ama Maxell, anaambiwa apite keshokutwa. Kibanda kilijaa kanda toka sakafuni hadi kwenye bati: Mlimani Park, Maquis, Franco, Mbilia Bel, taarabu ya Tanga, kwaya za kila dhehebu. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina kwenye vikaratasi kwa mwandiko mzuri, kurudisha kanda nyuma kwa kalamu ya Bic ili mota isichoke, na kusafisha hedi kwa pamba na spiriti. Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa kazi hasa. Vumbi la Dodoma mnalijua. Ule upepo wa mwezi wa nane ulikuwa unaingia mpaka ndani ya kaseti iliyofungwa kwenye nailoni yake.

Siku moja akaja Mzungu wa mradi wa visima, wale waliokuwa wakizunguka vijijini na Land Rover. Redio ya gari ilikuwa imetafuna kaseti yake ya Roxette. Mjomba akaifungua skrubu, akatoa utepe uliokunjamana kama utumbo wa kuku, akakata kipande kilichoharibika, akaunga kwa selotepu, akavingirisha upya na kuihamishia kwenye ganda jipya. Alipoulizwa bei akasema hataki hela. Anaomba aachiwe hiyo kaseti hadi saa sita mchana. Mzungu akacheka, akaelewa.

Tatizo likawa waya. Mjomba alikuwa na deki mbili, na waya wa kuziunganisha ulikuwa umekatika tangu juzi yake. Kwa hiyo tukafanya ya kienyeji. Tukaziweka redio-kaseti mbili mezani zitazamane, moja inapiga, nyingine inarekodi kwa maiki yake ya ndani. Tukafunga mlango na dirisha, tukafunika na blanketi. Mwezi wa kumi, chini ya bati! Mjomba akaniambia, "Ukikohoa utakula kwa majirani leo."

Upande wa kwanza ulikwenda salama, ukiacha kuku mmoja. Upande wa pili, kwenye Listen to Your Heart, kuelekea mwisho pale kiitikio kinapopandishwa juu na yule dada anatoa sauti yote aliyonayo, treni ya abiria kutoka Dar, ambayo ilitakiwa iwe imefika asubuhi, ikaamua kuingia. Ikapiga honi mbili, ndefu na fupi. Pooooo, po!

Mjomba alifumba macho. Hakuna aliyesema kitu, kwa kuwa redio bado ilikuwa inarekodi. Wimbo ulipoisha, Land Rover ilikuwa imeshasimama nje.

Hiyo ndiyo ikawa kanda mama. Kila aliyenunua Roxette kwetu aliondoka na treni yake. Na tuliuza! Mjomba hakujua Kiingereza, lakini alikuwa na sikio. Alisema, "Huyu dada analia, ila hamwagi chozi ovyo," na mpaka leo sijasoma uchambuzi wa sauti ya Marie Fredriksson, ndiye huyo dada wa Roxette, ulioupita huo. Dereva mmoja wa lori aliwahi kuuliza kile chombo cha mwishoni ni chombo gani. Mjomba akamjibu bila kupepesa, "Ulaya wana vyombo vingi, bwana."

Miaka ikapita. Siku niliyousikia huo wimbo redioni bila honi, nilidhani wameukata.

Habari zao kamili nilizijua baadaye, enzi za intaneti, na hapo ndipo nilipowapenda zaidi. Per Gessle na Marie Fredriksson walitokea Halmstad, mji wa pwani huko Uswidi. Hawakuwa watoto waliookotwa mtaani wakapewa gitaa. Per alikuwa na bendi yake, Gyllene Tider, iliyotamba sana kwao, na Marie alikuwa mwimbaji mwenye jina lake, akiimba Kiswidi. Mwaka 1986 wakaungana waimbe Kiingereza. Wapo waliomwonya Marie kwamba anaharibu kazi yake kwa kujibanza kwenye kikundi cha pop. Albamu ya kwanza ikafanya vizuri nyumbani, nje ikapita kimya. Ya pili, Look Sharp!, ikatoka 1988, na upande wa Marekani kampuni yao wenyewe ikaikataa, kwamba haifai kwa soko la kule.

Sasa sikilizeni. Alikuwepo mwanafunzi wa Kimarekani, mtu wa Minneapolis, aliyekuwa Uswidi kwa mwaka mmoja wa masomo ya kubadilishana. Aliporudi kwao alibeba hiyo albamu kwenye mzigo wake. Akaipeleka kituo cha redio cha pale mjini, KDWB, akawaomba wapige The Look. Wakaiweka pembeni, ikakaa. Ikabidi aende kuidai. Ndipo mkuu wa vipindi akaona si vibaya aisikilize kabla hajairudisha, akashtuka, wakaipiga, na simu zikaanza kulia. Vituo vingine vikaitaka. Na hao Wamarekani, pamoja na ukubwa wao wote, wakafanyaje? Wakarekodiana kaseti, wakatumiana. Tarehe 8 Aprili 1989 The Look ilikuwa namba moja kwenye chati ya Billboard, na kampuni iliyoikataa ikabidi ikimbilie pikipiki iliyoshaondoka.

Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, nikatamani mjomba angekuwepo. Sisi tulikuwa tukikimbia maofisa kila waliposikika wanapita kukagua, huku bendi nzima imepaa kwa kazi ileile tuliyokuwa tunafanya chini ya blanketi. Najua, wasanii hawakupata senti yetu. Nimeshaambiwa na mdogo wangu anayetengeneza Singeli, na sina utetezi. Lakini kijana wa Nkuhungu wa mwaka 1990 angelipia wapi?

Na kuna jingine lililonifurahisha zaidi. Listen to Your Heart iliposhika namba moja Marekani mwezi Novemba 1989, ulikuwa wimbo wa kwanza kufika pale juu bila kuuzwa kwenye santuri ndogo ya wimbo mmoja. Iliuzwa kwa kaseti. Kwa hiyo kaseti ndiyo iliyoibeba kule, na kaseti ndiyo iliyoibeba huku, ya kwetu tu ndiyo iliyokuwa na treni.

Huu wa shangazi nao una kisa. Uliandikwa 1987 kama wimbo wa Krismasi, wa mtu anayeshinda sikukuu peke yake baada ya kuachwa. Ilipofika 1990 wakatakiwa watoe wimbo kwa filamu ya Pretty Woman. Per hakuwa na muda wa kuandika mwingine, wakauchukua huu, wakaibadilisha Krismasi ikawa siku ya baridi tu, basi. Namba moja tena. Maana yake kwenye sendofu ya Nkuhungu, kwenye joto la nyuzi thelathini, nilipiga wimbo wa Krismasi wa watu walioachana ambao umefutwa Krismasi. Shangazi hajui, na mimi sitamwambia.

Mwaka 1991 ikaja Joyride. Ile nayo tuliirekodi, kwa waya mzima safari hii. Per aliipata mistari ya mwanzo kwenye kikaratasi ambacho mchumba wake alimwachia juu ya piano, cha kumwita mjinga na kumwambia anampenda. Nilichokumbuka mimi ni ule mluzi. Kwa miezi kadhaa huwezi kupita soko la Majengo bila kumsikia mpiga debe ama mbeba mizigo akiupiga, na naapa nusu yao hawakujua umetoka kwa nani. Huo ukawa wimbo wao wa nne kushika namba moja Marekani, na wa mwisho.

Baada ya hapo sina mengi. Waliendelea kutoa albamu, Februari 1995 wakapiga Beijing, lakini mimi nilikuwa nimeshahama kama wenzangu wote. Bongo Fleva ilikuwa inaingia, mjomba amebadili kibanda kuwa cha CD, na mtu akiomba Roxette unamwona kama aliyepotea njia.

Kilichonirudisha ni ugonjwa wa Marie. Septemba 2002 alianguka bafuni nyumbani kwake, akakutwa na uvimbe kwenye ubongo. Alipona, ila kwa gharama. Jicho la kulia likapoteza kuona, kusoma na kuhesabu vikawa mtihani. Fikiria mwimbaji asiyeweza kusoma tena maneno ya nyimbo zake. Per alikuwa na kazi zake nyingine, angeweza kumtafuta mtu mwingine ajaze nafasi. Hakumtafuta. Mwaka 2009 Marie akaanza kupanda jukwaani tena, 2011 wakatoa albamu na kuzunguka dunia.

Nimezitazama video za miaka ile ya mwisho kwenye simu, usiku, bando likiwa la punguzo. Anaimba amekaa kwenye kiti kirefu, mavazi meusi, mkono umeshika maiki kwa nguvu kama mtu aliyeshika bomba kwenye daladala. Nyimbo zimeshushwa ili azifikie. Mimi ni mtu wa vyombo, nasikia. Kuna mahali sauti haiendi kule ilikokuwa ikienda, naye anaiacha hapohapo, hailazimishi, na umati wenyewe unapanda kumchukulia. Per amesimama upande na gitaa lake, macho hayabanduki kwake. Kuna watu wanaandika chini kwamba angestaafu mapema. Siwaelewi watu wa namna hiyo.

Onyesho lao la mwisho pamoja lilikuwa Cape Town, tarehe 8 Februari 2016. Hapo hapo Afrika, basi na treni tu ungefika, kama una siku na moyo. Miezi michache baadaye madaktari wakamwambia aache safari. Desemba 9, 2019 akafariki, akiwa na miaka 61. Mwaka 2025 Per alirudi Afrika Kusini na mwimbaji mwingine wa Kiswidi, Lena Philipsson. Nimesikiliza. Dada anaimba vizuri. Ndivyo ninavyoweza kusema.

Kanda mama sijui ilipotelea wapi. Mjomba alipofariki tuligawana vitu, na kanda zilikwenda kwa mafungu, nyingine kwa watoto waliozitoa utepe wakatengenezea mikia ya tiara.

Nirudi Nkuhungu. Chakula kilikuwa kimekwisha, zawadi zimetolewa, shangazi amevua viatu. Wamebaki watu wazima, na hicho ndicho kipindi ambacho DJ anajipigia vyake. Nikaweka Listen to Your Heart. Wawili watatu wakasimama kucheza. Kwenye meza ya upande wa mama wa binti alikaa baba mmoja wa suti ya kijivu, mvi zimemjaa, mtu wa serikali kwa muonekano, sijawahi kumwona. Alikuwa anapiga meza kwa vidole tu. Wimbo ukaenda, ukapanda, ukafika pale.

Yule baba akainua kichwa, akakusanya mikono mdomoni.

"Pooooo, po!"

Mkewe akamfinya. Mimi nikaacha mashine, nikaenda kumsalimia.