Kasha la Kimaori: ligeuze kwanza, uanze na kitako

Ukishika kasha la mbao lenye nakshi za Kimaori na ukataka kujua kama ni la asili au la ukumbusho lililochongewa watalii, usianze na kifuniko, ingawa ndicho kinachovutia macho. Ligeuze utazame kitako.

Wakahuia ni kasha ambalo Wamaori wa Nyuzilandi walihifadhia manyoya ya mkia wa ndege huia, vipuli, na vidani vya jiwe la kijani. Vitu hivyo vilikuwa vimegusa kichwa na mwili wa mtu mwenye cheo, basi vilikuwa tapu, yaani vitakatifu vyenye miiko, havifai kuachwa ovyo. Kasha lilifungwa kamba na kutundikwa kwenye boriti za nyumba. Aliyeketi chini aliliona kwa tumboni, ndiyo maana mchongaji alijaza nakshi hata huko, na tumbo lenyewe akalipinda kama la mtumbwi. Neno waka maana yake ni mtumbwi.

Kasha la kuuziwa mtalii limekusudiwa kukaa mezani. Kitako chake ni bapa na hakina nakshi, au kimebandikwa kitambaa, au kina vijiguu vinne. Hata hivyo, ubapa peke yake usikufanye ukate hukumu: kaskazini mwa Nyuzilandi kulikuwa na papahou, kasha la zamani lenye pembe nne na kina kifupi.

Kisha chungulia ndani. La asili limekombwa katika kipande kimoja cha mti, aghalabu totara, mti wa huko, na mishipa ya mbao inapita mfululizo kutoka ubavuni hadi kitakoni. Ukiona mbao tano zilizounganishwa kwa gundi au misumari, hilo ni la ukumbusho. Bawaba na kufuli ndogo zinasema hivyo hivyo, isipokuwa ziwe zimeongezwa baadaye. Kifuniko cha asili hukaa kwenye ukingo wake na kushikwa kwa kamba. Tafuta basi mikwaruzo ya kamba kwenye vichwa vilivyochongwa ncha zote mbili.

Alama za patasi ya chuma hazithibitishi kwamba kasha ni la watalii. Chuma kilianza kuingia baada ya safari ya mwaka 1769 ya nahodha Mwingereza James Cook, na wachongaji walikipokea haraka. Kinachotia shaka ni mifereji yenye kina kilekile kila mahali na sakafu laini ya mviringo: hiyo ni kazi ya mashine. Mkono wa mtu hubadilika kidogo kila anapozunguka kona.

Macho ya sanamu pia husaidia. Gamba la paua, konokono wa baharini, lililokatwa kwa mkono ni pete isiyo duara kamili, na mboni ni kinundu cha mbao kilichoachwa katikati yake. Vipande vinavyolingana kabisa, vilivyobandikwa juu bila kuchimbiwa nafasi, ni vya kiwandani.

Nakala za plastiki ngumu iliyomiminwa huwadanganya wengi. Tumia kioo cha kukuzia: utaona vitundu vya hewa, mstari wa kalibu, na mishipa ya mbao inayokatika ghafla ukingoni. Usichome kwa sindano ya moto. Utaharibu kitu kabla hujakijua.

Hata hivyo, “la ukumbusho” si tusi. Baada ya mlima Tarawera kulipuka mwaka 1886, utalii uliendelea katika mji wa Rotorua na kijiji cha Whakarewarewa, na mafundi wakubwa kama Tene Waitere (1854–1931) wa ukoo wa Ngati Tarawhai waliwachongea wageni pia. Kasha lao lenye kitako bapa lina thamani kuliko nakala mbovu ya wakahuia.

Usilisugue kwa msasa wala kulipaka vanishi au mafuta. Rangi nyekundu iliyojificha kwenye mifereji huenda ikawa kokowai, udongo mwekundu uliotumika tangu kale, na ukishauondoa haurudi. Kama kasha liko Nyuzilandi na lina zaidi ya miaka 50, huenda likahesabiwa kuwa taonga tuturu, yaani kitu cha urithi wa Kimaori, chini ya sheria ya 1975 ya kulinda vitu vya urithi. Katika hali hiyo haliruhusiwi kutoka nchini bila kibali, kwa hiyo uliza Wizara ya Utamaduni na Urithi ya huko kabla ya kulipa.