Kulewa usukani kwa mara ya nne: sheria ya England inauma wapi, na wapi haina meno

Dereva amenaswa Leicester saa sita usiku. Hii ni mara yake ya nne kukutwa amelewa usukani, amefungiwa leseni tangu mwaka jana, na gari halina bima. Hakimu akiamua kumtwika uzito wote ambao sheria ya England na Wales inamruhusu, atampa miezi 6. Huo ndio ukomo. Mara ya kwanza miezi 6, ya nne miezi 6, ya kumi miezi 6.

Wanaopiga kelele kwamba mahakimu ni walegevu wanamlaumu mtu asiyehusika. Kuendesha ukiwa umezidisha pombe, chini ya kifungu cha 5 cha sheria ya barabara ya 1988, ni kosa linalosikilizwa mahakama ya mahakimu peke yake, na halipandi Crown Court, mahakama ya juu inayosikiliza makosa mazito, hata uwe na rekodi ndefu kama treni. Kuendesha huku umefungiwa leseni nako kuna ukomo wa miezi 6. Je, havijumlishwi? Sheria ya mahakama za mahakimu ya 1980, kifungu cha 133, inasema vifungo vya makosa ya daraja hilo vikiunganishwa haviruhusiwi kuvuka miezi 6. Kukosa bima hakuna kifungo kabisa, kuna faini na pointi za makosa kwenye leseni. Kwa hiyo makosa matatu ya usiku mmoja yanaingia ndani ya adhabu ya kosa moja.

Kisha makato yaanze. Akikiri kosa siku ya kwanza anapunguziwa theluthi, na wiki 26 zinabaki kama 17. Hizo 17 hatazimaliza ndani: hutoka akiwa ametumikia nusu au chini ya hapo, na sehemu ya muda huo anaweza kuitumikia nyumbani na kifaa mguuni. Mtu aliyepewa "adhabu ya juu kabisa" anarudi mtaani kabla ya miezi miwili kuisha sawasawa. Na hapo ni kama hakimu hakuamua kukisimamisha kifungo chenyewe, jambo analoruhusiwa kufanya.

Vipimo vyenyewe vinapaswa kueleweka, maana ndivyo vinavyoamua kila kitu. Kile kifaa cha kupuliza barabarani hakitoi ushahidi wa kukutia hatiani. Kinampa polisi sababu ya kukukamata tu. Ushahidi unatoka kwenye mashine ya kituoni: unapuliza mara mbili, na kinachohesabiwa ni kipimo cha chini kati ya viwili. Kikomo ni maikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi, sawa na miligramu 80 katika mililita 100 za damu, ingawa kwa kawaida hushtakiwi mpaka ufike 40. Scotland walishusha kikomo chao tarehe 5 Desemba 2014 hadi 22 za pumzi na 50 za damu, kwa hiyo dereva anayetoka Carlisle kwenda Glasgow anaweza kuwa halali upande mmoja wa mpaka na mhalifu upande wa pili.

Mwongozo wa hukumu una ngazi nne. Kipimo cha 36 hadi 59, na cha 60 hadi 89, huanzia kwenye faini ya asilimia 150 ya kipato cha wiki. Anayepata pauni 400 kwa wiki anaanzia 600, akikiri mapema zinashuka hadi 400, kisha anaongezewa tozo ya asilimia 40, yaani 160, na gharama za mashtaka juu yake. Kutoka 90 hadi 119 hakimu anafikiria adhabu ya kutumikia jamii. Kuanzia 120 ndipo jela inapotajwa, na hatua ya kuanzia ni wiki 12. Kurudia kosa kunaipandisha adhabu ndani ya ngazi yake, na kunaweza kumvusha mtu kwenda ngazi inayofuata, lakini ule ukomo wa miezi 6 hausogei hata inchi.

Panapobadilika kweli kwa mkosaji sugu ni kwenye leseni. Wa kwanza anafungiwa miezi 12 kwa uchache. Aliyewahi kutiwa hatiani ndani ya miaka 10 iliyotangulia kosa jipya anafungiwa miaka 3 kwa uchache, na kwenye ngazi ya juu mwongozo unafika miezi 60. Hesabu ya hiyo miaka 10 inawakwaza hata mawakili wachanga: inaanzia siku ya kutiwa hatiani mara ya kwanza na kuishia siku ya kutenda kosa la pili. Aliyehukumiwa miaka 10 na wiki moja kabla ya kunaswa tena anahesabiwa kama mgeni kwa upande wa kima cha chini cha leseni. Hakimu anaweza kulitumia kosa la zamani kumwongezea, ila halazimiki kufika miaka 3.

Na hiyo miaka 3 ina matundu mawili. La kwanza ni kozi ya urekebishaji, ambayo dereva anajilipia, hadi pauni 250. Akiimaliza, kifungo cha leseni kinapunguzwa kwa hadi robo, kwa hiyo miezi 36 inakuwa 27. La pili ni kwamba aliyefungiwa chini ya miaka 4 anaruhusiwa kuiomba mahakama imrudishie leseni baada ya miaka 2. Kozi sina ugomvi nayo kwa anayeanza, kwa sababu inamfundisha mtu kuhesabu pombe iliyobaki mwilini asubuhi ya pili, na wengi hunaswa saa moja asubuhi wakienda kazini wakiamini usingizi umewasafisha. Kwa mtu wa mara ya tatu, punguzo la robo ni zawadi isiyo na maelezo.

Sehemu inayouma kweli haimo katika hukumu, na magazeti hayaiandiki. Ni utaratibu wa idara ya leseni, DVLA, kwa wale wanaoitwa wakosaji wa hatari kubwa. Unaingia humo ukifungiwa leseni mara mbili ndani ya miaka 10 kwa makosa ya kulewa, au kipimo chako kikifika 87.5 za pumzi (200 za damu) hata kama ni mara yako ya kwanza, au ukikataa kutoa sampuli. Hili la mwisho liwafikie wale wanaoshauriana vijiweni kwamba "usipulize, watakosa ushahidi". Kukataa bila sababu ya msingi ni kosa linalojitegemea, lenye ukomo uleule wa miezi 6 na kufungiwa leseni kwa lazima, na linakuweka kundi moja na mtu aliyepuliza 90.

Ukiwa katika kundi hilo, leseni hairudi yenyewe muda ukiisha. Unajaza dodoso, unapimwa na daktari aliyeteuliwa na DVLA, unatoa damu, na gharama ni zako. Zamani mtu alikuwa anaweza kuendesha wakati akisubiri majibu. Tangu Juni 2013 waliofungiwa kuanzia hapo hawaruhusiwi kushika usukani mpaka daktari aridhike. Damu inapimwa kiashiria kiitwacho CDT, ambacho hupanda kwa mtu anayekunywa sana kwa wiki mfululizo. Kasoro iko hapohapo: CDT hushuka mtu akiacha pombe kwa wiki chache. Anayejua tarehe ya kipimo anaweza kufunga mwezi mmoja, akafaulu, kisha akarudi baa. Kipimo kimoja mwishoni mwa miaka 3 kinamkamata mlevi asiyeweza kuacha hata kwa mwezi na kumkosa anayeweza kujibana. Vipimo vya kushtukiza katika mwaka wa kwanza baada ya kurudishiwa leseni vingeziba pengo hilo.

Kuna pia bangili ya mguuni inayonusa pombe kwenye jasho kila nusu saa. Mahakama za Wales zilianza kuitumia Oktoba 2020, za England Machi 2021, na mtu anaweza kuamriwa asinywe kabisa kwa hadi siku 120. Kifaa ni kizuri, ila hakiruhusiwi kwa mtu ambaye pombe imeshamtawala mwili, kwa kuwa kumkatisha ghafla kunaweza kumletea degedege au kumuua. Huyo anapelekwa kwenye amri ya matibabu. Kitabibu ni sahihi. Matokeo yake ni kwamba wale walio hatari zaidi barabarani mara nyingi ndio wasiofungwa bangili, na amri ya matibabu hailindi ufunguo wa gari.

Kuhusu gari lenyewe, mahakama ina mamlaka ya kulitaifisha. Kwenye karatasi inatisha. Hakimu akiuliza gari ni la nani, anaambiwa ni la mke, au la kampuni ya mkopo, au lilinunuliwa pauni 600 na litapatikana lingine kesho.

Sasa linganisha na siku mtu anapokufa. Tangu 28 Juni 2022, kusababisha kifo kwa uendeshaji wa uzembe ukiwa umelewa kunaweza kuleta kifungo cha maisha. Kabla ya hapo ukomo ulikuwa miaka 14. Kwa hiyo sheria imepandisha sana upande wa msiba na kuuacha upande wa kabla ya msiba palepale. Dereva yuleyule, kipimo kilekile, kona ileile: kinachotenganisha miezi 6 na maisha ni kama kulikuwa na mtu anavuka dakika ile.

Wasomaji wa Kenya huenda wakadhani kwao ni laini zaidi. Kwenye maandishi sivyo: Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 44, inaruhusu faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Huo ni ukomo mara nne ya ule wa England. Tatizo lao liko kwenye ushahidi, kwa sababu kifungu hicho kinataka ithibitishwe kwamba dereva alilewa kiasi cha kushindwa kulidhibiti gari, na Mahakama ya Rufaa mwaka 2017 iliona kanuni za alcoblow, kile kipimo cha pumzi cha barabarani, haziendani nacho. Adhabu ndefu iliyojengwa juu ya kipimo kinachobishaniwa humnufaisha wakili.

Msimamo wangu ni huu: kosa la tatu ndani ya miaka 10 liruhusiwe kupanda Crown Court, na ukomo uwe miaka 2. Kosa la kwanza liachwe lilivyo. Lakini jela peke yake inamtoa mtu barabarani kwa wiki chache, kwa hiyo anapotoka kiwepo kitu ndani ya gari.

Kitu hicho kipo. Ni kufuli ya pumzi: mrija unaounganishwa na mfumo wa kuwasha injini, unapuliza, ukizidi kiwango kidogo sana gari haliwaki, na njiani linakutaka upulize tena kwa nyakati zisizotabirika ili rafiki asikupulizie kule baa akabaki. Vingine vina kamera, na vyote hutunza kumbukumbu. England iliiweka katika sheria mwaka 2006, kisha kifungu hakikuanza kutumika nchi nzima. New Zealand wamekifanya cha lazima tangu 1 Julai 2018 kwa aliyerudia kosa ndani ya miaka 5, na kwa aliyefika maikrogramu 800 katika lita moja ya pumzi (yaani 80 katika mililita 100) hata mara ya kwanza. Anafungiwa leseni siku 28 tu, halafu anaendesha na kufuli kwa miezi 12 kwa uchache, na kufuli hiyo haiondolewi mpaka kumbukumbu zake ziwe safi.

Udhaifu wa kifaa hiki unafahamika: kinazuia vizuri kikiwa kimefungwa, na kikitolewa wengi hurudia tabia. Ndiyo maana New Zealand baada ya kufuli wanaongeza miaka 3 ya leseni ya pombe sifuri, ambapo kiasi chochote kwenye pumzi ni kosa.