Siku moja korongoni na darasa la sita

Watu wakimwona mwalimu yuko nje na watoto, wameshika majembe na chupa tupu, wanajua tu kwamba leo shuleni hakuna masomo. Mwalimu huyo ni mimi. Nafundisha sayansi shule ya msingi, kijijini huku Kondoa, na hii ni Jumanne yangu moja ya mwezi wa pili, mvua ikiwa imekatika siku mbili tatu.

Saa kumi na mbili na nusu nipo njiani. Mstarini, usafi, mahudhurio, hisabati darasa la nne, uji. Hayo yote yalipita bila la kusimulia.

Saa nne na nusu ndipo kazi ilipoanza. Darasa la sita, wanafunzi 84, vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80. Tukashuka korongoni nyuma ya uwanja wa mpira.

Kwa asiyeijua Kondoa: udongo wa huku uliwahi kuondoka hadi serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika zaidi, kilomita za mraba 1,256 hivi. Nyasi na vichaka vikarudi. Wanafunzi wangu wamezaliwa wakavikuta, wanadhani vilima vilikuwa hivyo tangu enzi za mababu.

Ningeweza kuandika ubaoni "Visababishi vya mmomonyoko wa udongo", nikavipa namba za Kirumi, wakanakili, dakika kumi tumemaliza. Badala yake niliuliza swali moja: kwa nini ukuta huu wa korongo umebomoka juzi, na ule pale, hatua chache tu, umesimama? Halafu nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kunakochosha kuliko kuongea. Watoto wamezoea kwamba mwalimu akiuliza, jibu analo mfukoni, kwa hiyo wanakukodolea macho walisome usoni. Unaangalia pembeni. Unajifanya unafunga kamba ya kiatu.

Mwishowe wakausogelea ukuta wenyewe. Juu kuna tabaka jeusi, unene wa kiganja. Chini yake udongo mwekundu, na chini kabisa changarawe. Binti mmoja akavuta shina la nyasi kwenye ule ukuta uliosimama; mzizi ukatoka na bonge la udongo. Akaupima kwa rula yake ya sentimita 30, rula ikaisha, mzizi bado.

Tukaingia kwenye chupa. Kila kikundi kina tatu, zimelazwa na kupasuliwa ubavuni: moja udongo mtupu, moja udongo uliofunikwa majani makavu, moja nyasi hai zilizochimbuliwa na mizizi yake. Unamwaga maji upande wa kitako, unakinga yanayotoka mdomoni. Kikundi cha kwanza kilimwaga chupa ya kwanza kutoka usawa wa bega na ya pili kutoka usawa wa goti. Ugomvi ukaanza. "Hiyo umeimwaga kwa hasira!" Mimi kimya. Kijana mmoja ambaye darasani husikii sauti yake akachukua kizibo, akakitoboa kwa mwiba wa mgunga, akasema mvua haimwagwi kwa ndoo, inadondoka. Wakakubaliana: kizibo chenye matundu, kikombe kimoja kimoja, urefu wa rula moja. Hayo hayakuwa kwenye andalio langu la somo. Maji ya chupa ya kwanza yalitoka mekundu kama chai ya rangi. Ya nyasi ungeweza kuona kidole upande wa pili.

Hapo ndipo pikipiki iliposimama juu ya korongo. Mzazi. Hakuzima injini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwalimu, mimi nimetoa debe la mahindi ya chakula cha shule ili mtoto asome. Kuchezea udongo tungemfundisha nyumbani."

Nikamweleza. Akauliza kama mtihani wa taifa utaleta chupa. Nikamweleza tena, huku injini inaunguruma, huku kikundi cha nyuma kimemaliza maji ya dumu na wanne wanataka ruhusa waende bombani. Akauliza tunachunguza nini hasa. Mtoto mmoja akamjibu kwa heshima zote kwamba ng'ombe walimaliza nyasi, udongo ukaondoka.

Nusu ashuke kwenye pikipiki. "Ng'ombe wanasingiziwa! Waliondolewa ng'ombe wa baba yangu, mimi mdogo nikiwachunga. Ni watu kulima mteremkoni! Mteremko ndio unaokimbiza maji." Akasema anakwenda kwa mkuu, na kweli alikwenda.

Nilichoka. Jua lilikuwa utosini, koo limekauka, sare 84 zina matope, na vipindi viwili vilikuwa vimeshakwisha. Tulirudi tumechelewa, mwalimu wa Kiswahili alikuwa mlangoni na chaki mkononi, hakunisalimia. Mkuu akaniita. "Madamu, wazazi wanalalamika." Nikasimama pale nikijitetea, nikatoka, nikaingia darasa la tano, nikafundisha sehemu za ua. Nilifundisha vizuri au vibaya, sikumbuki. Mchana nilikula makande yamepoa. Sijui ilikuwa saa ngapi.

Jioni madaftari. Ukifundisha hivi huwezi kuweka vema tu ukapita, kwa sababu kila kikundi kimepata matokeo yake, na kuna waliodai maji ya majani makavu yalikuwa safi kuliko ya nyasi. Huwezi kumwambia amekosa, ndivyo alivyoona. Inabidi usome alivyofanya, mstari kwa mstari, kwa tochi ya simu umeme ukikatika.

Binti wa yule mzazi alikuwa ameandika chini ya jedwali lake: "Baba anasema ni mteremko, si ng'ombe. Chupa zetu zote zililala sawa, kwa hiyo hatujui. Tuziinamishe." Akachora chupa tatu zimewekewa jiwe moja, mawili na matatu chini ya kitako.

Nimeandika andalio jipya. Nahitaji vipindi viwili vya Alhamisi, na mkuu bado hajajibu ujumbe wangu.