Ukisusia kampuni, soma nyuma ya pakiti

Novemba 2017 muungano wa vyama vya upinzani wa NASA nchini Kenya ulitangaza kususia Safaricom (kampuni ya simu), Brookside (maziwa) na Bidco (mafuta ya kupikia) kwa sababu za kisiasa. Naona ni haki ya mnunuzi kabisa. Ila anayeacha maziwa ya Brookside akachukua Tuzo, Ilara au Delamere hajasusia chochote, maana zote ni za Brookside! Tazama jina la mtengenezaji, si chapa ya mbele.

Laini ya simu ya Safaricom ndiyo ngumu. Lipa kwanza deni la M-Shwari (huduma ya mikopo na akiba ndani ya M-Pesa), toa salio la M-Pesa, kisha ubadilishe namba benki. Ukiitupa laini kabla ya hapo, ujumbe wa uthibitisho utaendelea kwenda huko huko, nawe hutaingia kwenye akaunti yako.